Bidhaa Haiingii Kwenye Picha Moja? Unganisha Picha kwa Hugin, Bure, na Futi Ionekane



Somo la leo ni la wale wanaouza vitu virefu au vipana: mazulia, mapazia, batiki, mikeka, sofa za L, makabati ya ukutani, fremu za kupangisha, viwanja. Ukiuza hereni au mafuta ya nywele, picha moja inakutosha. Ila soma tu, una jirani anayeuza mapazia.

Tatizo mnalijua. Unataka zulia la mita nne liingie lote kwenye picha, unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, na bado linaonekana dogo, nusu ya picha ni sakafu na miguu ya viti. Ukisogea karibu ili mteja aone nyuzi na rangi, unapata kipande tu. Mteja anaandika, "Naomba kuliona lote." Unamtumia vipande vitano, anashindwa kujua kipi kinaanza na kipi kinafuata, anakwambia atarudi. Hajarudi mpaka leo.

Dawa yake ni kupiga picha kadhaa zinazoingiliana kidogo, halafu kompyuta inazishona kuwa picha moja pana. Picha ya namna hiyo inaitwa panorama. Programu ninayoitumia mimi ni Hugin. Ni bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inapatikana kwenye tovuti yao, hugin.sourceforge.io. Msingi wake ni kazi ya profesa mmoja Mjerumani, Helmut Dersch, aliyetengeneza zana za kuunganisha picha miaka ya 1990 na kuzitoa bure. Baadaye Pablo d'Angelo akaanzisha Hugin juu ya msingi huo, na watu wa kujitolea wameiendeleza hadi leo. Leseni yake inaitwa GPL, maana yake kwa lugha yetu ya dukani: tumia kwa biashara, hulipi, hakuna muda wa majaribio unaoisha, na hakuna anayebandika nembo yake katikati ya picha yako.

Zamani Microsoft nao walikuwa na programu yao ya bure ya kazi hii, Image Composite Editor, na ilikuwa rahisi sana kutumia. Hawaitoi tena. Ukiona tovuti usiyoijua inakupa uipakue, kuwa makini, usije ukapakua na virusi juu yake.

Najua wengine mnasema, "Si simu ina panorama yake?" Inayo, na kwa mandhari ya ufukweni iko vizuri tu. Ila ile ya simu imetengenezwa kwa mtu anayesimama sehemu moja na kugeuka. Inachukua vipande vyembamba vyembamba na kuvipanga wakati mkono wako unaenda. Ukitembea nayo kando ya zulia, inapanga kwa kubahatisha: mahali pengine inavuta, mahali pengine inabana, mahali pengine inarudia ua lile lile mara mbili.

Dada mmoja ninayempigia picha za mazulia alipata kesi ya hivyo kabla hatujafahamiana. Mteja wake wa mkoani alihesabu maua kwenye panorama ya simu, akapata tisa. Zulia lilipofika lilikuwa na maua manane. Zulia lilikuwa sahihi, vipimo vilikuwa sahihi, picha ndiyo iliyoongeza ua. Sasa umweleze nani? Mteja ameshasema ametapeliwa. Zulia likarudishwa kwa basi, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi akalipa dada. Kwa faida tunayoweka sisi kwenye zulia moja, hapo umeuza bure.

Kwa hiyo kila nitakachosema hapa kina lengo moja: picha iwe pana na ibaki kweli.

UNAZUNGUKA AU UNATEMBEA?

Hili liamue kabla hujagusa kompyuta, kwa sababu kuna namna mbili za kupiga na kila moja ina kazi yake.

Kuzunguka ni pale unaposimama sehemu moja na kugeuza simu kutoka kushoto kwenda kulia. Ni kwa ajili ya chumba, fremu, kiwanja, au duka lako lote kwa ndani. Kutembea ni pale kitu kiko bapa, kimetundikwa ukutani au kimetandazwa, na wewe unasogea kando yake hatua kwa hatua huku simu ikitazama mbele moja kwa moja. Hiyo ni ya zulia, pazia, batiki, mkeka, na ukuta wenye rafu za bidhaa.

Tuanze na kuzunguka, maana ndiko wengi wanakoharibu bila kujua. Fumba jicho moja, nyoosha kidole gumba mbele ya uso wako, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia. Unaona kidole kinahama ukilinganisha na ukuta wa nyuma? Kamera nayo inaona hivyo hivyo. Ukigeuka na simu imenyooshwa mkononi, lenzi inachora duara kubwa angani, na kiti kilicho karibu kinahama mbele ya ukuta kati ya picha na picha. Programu ikija kuunganisha, kiti kinakatika mguu au kinapata miguu sita. Kwenye kiwanja hili halisumbui sana kwa sababu kila kitu kiko mbali. Kwenye fremu ya mita tatu kwa tatu linaua picha.

Dawa: simu ibaki mahali pake, wewe ndiye uizunguke simu. Mimi nafunga uzi kwenye kava, karibu kabisa na lenzi, naning'iniza nati mwisho wa uzi, na sakafuni naweka alama ya chaki. Kila picha ninayopiga, nati iwe juu ya ile alama. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini inafanya kazi kuliko stendi ya bei mbaya. Shika simu wima, si mlalo, ili upate dari na sakafu zaidi. Kila picha iingiliane na iliyotangulia kwa robo hadi theluthi, yaani kitu kilicho ukingoni mwa picha ya kwanza kionekane tena ndani ya picha ya pili.

Kwa namna zote mbili, funga mwanga kabla ya kuanza. Kwenye simu nyingi unabonyeza kioo na kushikilia kidogo mpaka ikuonyeshe kwamba imejifunga. Usipofanya hivyo, picha inayotazama mlango itakuwa giza na inayotazama kona itakuwa nyeupe, na rangi ya pazia itabadilika njiani. Tumia lenzi ya kawaida ya simu, siyo ile ya kupanua iliyoandikwa 0.5, maana hiyo inapindisha ukingoni. Usivute, usiwashe mwako, na zile programu za kulainisha ngozi ziache zipumzike.

KUHAMISHIA KWENYE KOMPYUTA

Tumia waya. Kama huna waya na unajitumia kwa WhatsApp, zitume kama hati, siyo kama picha. Ukizituma kama picha, WhatsApp inazipunguza ukubwa na pia inafuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zikiwemo za lenzi. Hugin inazisoma taarifa hizo ili ijue kamera iliona upana wa nyuzi ngapi. Zikikosekana itakuuliza. Hapo andika 50 kama picha ni za wima au 65 hivi kama ni za mlalo. Ni makadirio ya kamera ya kawaida ya simu, yanatosha kuanzia.

Huna kompyuta? Nenda sehemu wanapochapisha na kutoa kopi, omba saa moja. Kazi yenyewe haimalizi saa ukishaizoea.

VITUFE VITATU

Kwa picha za kuzunguka, Hugin imeweka kila kitu kwenye tabo inayoitwa "Assistant". Lugha yake ni Kiingereza lakini huhitaji Kiingereza kingi, kuna vitufe vitatu na vina namba. Cha kwanza, "Load images", unachagua picha zako. Cha pili, "Align", inatafuta sehemu zinazofanana kwenye picha mbili mbili na kuzipanga. Cha tatu, "Create panorama", inatoa picha iliyokamilika. Kati ya cha pili na cha tatu unaiona kazi kwenye kioo, na hapo ndipo unaporekebisha.

Ikiwa imelala upande, nenda "Move/Drag" bonyeza "Straighten". Ukingo wenye meno meno unakatwa kwenye tabo ya "Crop", kuna kitufe cha "Autocrop" kinachokata chenyewe. Wakati wa kutoa, badilisha aina ya faili iwe JPEG, maana yenyewe inapendelea TIFF, na TIFF ni faili kubwa ambalo mteja wako hatalifungua kirahisi kwenye simu.

Kuna jambo moja kwenye tabo ya "Projection" ambalo mwuza samani lazima alijue. Dunia inayokuzunguka ni ya duara na picha ni bapa, kwa hiyo lazima kitu fulani kipinde. "Cylindrical" inanyoosha mistari ya kusimama, ila mistari ya kulala inapinda: sofa yako iliyonyooka inakuwa ndizi. "Rectilinear" inanyoosha mistari yote, lakini vitu vya pembeni vinavutwa, na ukizidi nyuzi 100 hivi vinavutika vibaya, kochi la pembeni linakuwa kitanda. Ushauri wangu: samani piga eneo dogo, chini ya nyuzi 90, tumia "Rectilinear". Kiwanja tumia "Cylindrical", hakuna mtu atakayelalamika kwamba upeo wa macho umepinda.

KITAMBAA, ZULIA NA PAZIA

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye hela.

Kwanza chagua kitu kinachostahili. Kitenge chenye ua lile lile kuanzia yadi ya kwanza mpaka ya sita hakihitaji panorama. Mwonyeshe mteja ua moja zima kwa karibu na kipande kilichokunjuliwa, inatosha. Khanga nayo inaingia yote kwenye picha moja, pindo, mji na maandishi. Panorama iwekee batiki ya mkono ambayo kila yadi ina sura yake, zulia kubwa, seti ya pazia, au mkeka wa ukili wenye mapambo yanayobadilika.

Tundika kitu ukutani kikiwa kimenyooka, kwa vibanio vingi ili kisilegee katikati. Batiki ya yadi tano ni kama mita nne na nusu. Chora mstari wa chaki sakafuni, sambamba na ukuta, umbali wa mita moja na nusu. Huo ndio mstari wako wa kutembea, usisogee mbele wala nyuma. Simu nyingi zikishikwa wima kwa umbali huo zinaona upana wa kama mita moja na robo hadi moja na nusu. Ukisogea sentimita 60 hadi 70 kila picha, unapata mwingiliano wa nusu, na picha sita au saba zinamaliza batiki yote. Kwenye kutembea napenda mwingiliano wa nusu, siyo robo, kwa sababu mkono hauwi sawa kila hatua. Simu iwe urefu ule ule, itazame ukuta bila kuinama. Fanya kivulini mchana, siyo chini ya taa mbili za rangi tofauti.

Sasa ile siri ya futi. Chukua futi ya fundi cherehani, au zile za chuma za mafundi ujenzi kama kitu ni kirefu, iweke imenyooka kando ya kitambaa kwa urefu wake wote, namba zikitazama kamera. Ionekane kwenye kila picha. Futi ya cherehani ni ya mita moja na nusu, kwa hiyo kitu kirefu kitataka futi ndefu au kadhaa. Ukiunganisha kadhaa, andika kwenye karatasi ndogo pembeni: futi ya 1, futi ya 2, ya 3.

Futi hiyo inafanya kazi tatu kwa mpigo.

Kazi ya kwanza ni kusaidia kompyuta. Hugin inaunganisha picha kwa kutafuta alama zinazofanana kwenye picha mbili. Pazia la rangi moja halina alama, kompyuta inatazama inaona bahari tupu, inakata tamaa. Na kitambaa chenye maua yanayojirudia kina tatizo la kinyume: alama ni nyingi mno na zote zinafanana, kwa hiyo inaweza kuchukua ua la tatu ikadhani ni la nne, ikaruka kipande kizima cha kitambaa bila wewe kujua. Hiyo ndiyo kesi ya dada yangu wa maua tisa, ila inaweza kwenda upande wowote, kuongeza au kupunguza. Namba za futi hazijirudii. 64 ni 64, haifanani na 94. Ukiongeza na vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono kila baada ya nusu mita, kompyuta inakuwa na mahali pa kushika.

Kazi ya pili ni kukagua. Picha ikishatoka, ikuze, soma futi kuanzia mwanzo hadi mwisho kama unavyosoma pesa. 58, 59, 60, 61. Ukikuta imetoka 60 ikaenda 90, programu imemeza sentimita 30 za bidhaa yako. Ukikuta 60, 61, 60, 61, imeongeza. Hakuna jicho la binadamu litakaloliona kosa hilo kwenye maua, lakini kwenye namba linaonekana hata na mtoto wa darasa la pili.

Kazi ya tatu ni ya mteja, nitaifikia.

Kwenye Hugin, picha za kutembea zinataka mpangilio tofauti kidogo, kwa sababu ukiiacha yenyewe itadhani ulisimama sehemu moja ukageuka. Kwenye menyu ya "Interface" chagua "Expert". Kwenye dirisha kubwa, tabo ya "Photos", ongeza picha, kisha bonyeza "Create control points". Chagua picha ya katikati, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, uifanye nanga: "Anchor this image for position". Chini, kwenye "Geometric", kwanza acha chaguo la "Positions" la kawaida ukabonyeza "Calculate". Halafu badilisha uchague lile lenye neno "Translation", bonyeza tena "Calculate". Hilo neno ndilo linaloiambia programu kwamba kamera ilihama. Kwenye "Projection" hapa ni "Rectilinear" tu, hakuna mjadala.

Ikitoka imepinda au imeruka, bonyeza F3. Inafungua jedwali la alama zote ilizozitumia, pamoja na namba ya kosa la kila alama. Panga kwa safu ya "Distance", zile zenye namba kubwa kuliko wenzake ndizo za uongo, zifute, rudia "Calculate". Mara ya kwanza itakuchukua muda, nakwambia ukweli. Mara ya tatu au ya nne mkono unazoea.

Rangi nayo iangalie. Hugin inajaribu kulinganisha mwangaza wa picha ili maungio yasionekane, na katika kulinganisha inaweza kugusa rangi. Weka kioo cha kompyuta na kitambaa chenyewe pamoja, mchana. Kama bluu yako imekuwa zambarau, usiposti, rudia ukiwa umefunga mwanga vizuri.

MTU AMEPITA KATIKATI

Kwenye fremu na viwanja hutakosa bodaboda au mtoto anayekimbia. Akitokea kwenye picha moja na kwenye picha jirani hayupo, nenda tabo ya "Masks", mzungushie mstari kwenye ile aliyomo, chagua "Exclude region". Programu itachukua sehemu hiyo kutoka picha ya jirani. Ndiyo faida nyingine ya picha kuingiliana.

Hapa nina neno. Zana hiyo hiyo inaweza kuficha ufa ukutani, au nguzo ya umeme iliyo katikati ya kiwanja. Mtu anayepita hauzwi pamoja na kiwanja, nguzo inauzwa nayo. Iache.

UKUBWA WA UONGO

Panorama ya kuzunguka inakuza vitu hata kama hukukusudia. Piga nyuzi 180 kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, kitaonekana kama uwanja wa mpira. Piga fremu ndogo, itaonekana kama ukumbi wa harusi. Mteja anasafiri kutoka mbali, anafika, anatazama, anakutazama wewe. Hapo hata kama bei ilikuwa nzuri, umeshapotea machoni pake, na atawaambia wenzake.

Kwa kiwanja, simamisha mtu mzima kwenye kila bikoni inayoonekana. Jicho la mteja linajua mtu ana urefu gani, litapima lenyewe. Kwa chumba na fremu, acha kiti cha plastiki cha kawaida ndani, kile kila mtu anakijua, na andika vipimo kwa mita kwenye maelezo. Na daima ambatanisha picha moja ya kawaida iliyopigwa kutoka mlangoni.

Kwa zulia na kitambaa, hapa ndipo kazi ya tatu ya futi. Wengi wakimaliza kuunganisha wanaikata futi ili picha ipendeze. Mimi naiacha. Mteja akiona sentimita 412 imeandikwa mwisho wa zulia, haulizi tena "ni kubwa kiasi gani?", anakwenda kupima sebule yake. Na siku akisema umemletea fupi, mnafungua picha wote wawili, mnasoma namba ile ile. Kama unataka na picha ya kupendeza, toa mbili: moja yenye futi, moja isiyo nayo.

KUIPOSTI

Picha ndefu ikiwekwa nzima kwenye simu inakuwa kamba nyembamba katikati ya kioo, hakuna anayeona kitu. Instagram yenyewe itakukata pembeni. Kwa hiyo ikate vipande vya mraba vinavyofuatana, uviposti pamoja ili mteja ateleze kidole kutoka mwanzo wa zulia hadi mwisho. GIMP, nayo ni programu ya bure, inakata vizuri. Ila picha ya kwanza kabisa iwe ya bidhaa nzima ikiwa imetumika: zulia likiwa sebuleni, pazia likiwa dirishani, na bei iandikwe. Watu wanasimama kwa picha ya namna hiyo, halafu ndiyo wanateleza kuangalia undani. Kwa WhatsApp, aliyekwishaonyesha nia mtumie panorama nzima kama hati, aikuze mwenyewe kwa vidole viwili.

Zile picha za duara zima, za nyuzi 360, ambazo mtu anageuza simu na kuona dari mpaka sakafu, Facebook wanazipokea na Hugin inaweza kuzitengeneza. Kwa mwenye nyumba ya wageni au ukumbi inaweza kulipa. Kwa muuza mapazia ni kujichosha tu, maana utapiga picha nyingi za dari ambazo hakuna aliyeziomba.

Mwisho wa kazi usifute picha za mwanzo, na hifadhi mradi wenyewe, faili linaloishia na .pto, kwenye folda moja yenye jina la bidhaa. Mteja akija inboksi akauliza, "Hapo kwenye kona ya kulia naona kama doa, ni doa au ni kivuli?", unafungua picha halisi ya kona hiyo, kubwa na safi, unamtumia hapo hapo. Kama ni doa, mwambie ni doa, mpunguzie bei.